Robo Inchi ya Akwii

Mulama alianza kulalamika kabla hajashuka kwenye pikipiki.

"Mama Akwii, umenimaliza! Watu wa uvuvi wamechukua nyavu yangu. Wanasema macho ni ndogo. Ijumaa wanachoma!"

Akwii alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya kibanda chake mjini Busia, wavu wa mteja mwingine umenaswa kwenye kidole gumba cha mguu ili usicheze. Hakuinuka. Alimaliza kwanza fundo lililokuwa mkononi, maana fundo likiachwa nusu hulegea. Kisha akauliza swali ambalo Mulama hakulitarajia.

"Ndogo kiasi gani?"

"Si ndogo ni ndogo! Imepungua robo inchi."

"Robo," akasema Akwii polepole, kama mtu aliyetajiwa kijiji asichokijua. "Sasa hiyo robo imeenda wapi?"

"Mimi ndio nimekuja kukuuliza! Mimi navua, wewe unashona. Pale ufuoni nimesema wazi, nyavu imeshonwa na yule mama Mteso wa Busia. Kila mtu amesikia."

Hapo ndipo Akwii alipoweka sindano chini. Wavu wa Mulama ulikuwa wa Mulama, lakini jina lililotajwa ufuoni lilikuwa lake, na jina hilo ndilo lililokuwa likimletea kazi.

Mercyline Akwii alizaliwa karibu na Kocholia, nyumbani kwa Wateso, kwenye mashamba ya wimbi na mihogo, mahali ambapo samaki hufika akiwa mkavu na amekwisha sahau maji. Alijifunza kushona nyavu akiwa mtu mzima, kwa mama mmoja Mganda aliyeuza nyuzi upande wa pili wa mpaka. Akwii alikwenda kwake kununua kamba ya kufungia mbuzi. Akaona vidole vya yule mama vinavyokwenda, akasimama kuangalia, akarudi kesho yake na kesho kutwa, mpaka yule mama akamwita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, kama hununui, basi keti ushone." Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Wavuvi wa Budalang'i, kule ziwani, walimletea nyavu zilizochanwa na magogo, na mamba, na injini za watu wasioangalia wanakopita. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani walipenda kumchokoza.

"Mama, na samaki wako wapi?"

"Wako Budalang'i. Hapa tunawashonea nguo tu."

Ziwa lenyewe hakuwa amewahi kuliona. Nyavu zilimfuata; hakuona sababu ya kuzifuata.

Sheria aliijua. Kila mvuvi wa huko anaijua: wavu wa kutega ngege, yaani sato, usiwe na jicho lililo chini ya inchi tano, na jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la mkabala. Kiwandani mashine hufanya hesabu hiyo. Mshonaji anayeziba tundu hutumia kibao. Cha Akwii kilikuwa cha mti wa mpera, kirefu kama kiganja na vidole vyake, na upana wake inchi mbili na nusu. Uzi ukizungushwa pande zote mbili za kibao na kufungwa, ukitolewa huacha jicho la inchi tano. Kila Januari aliazima rula ya fundi cherehani jirani yake na kukipima kibao pale juu, kwenye alama aliyoichora yule mama Mganda. Kila Januari kilikuwa sawa.

"Nipeleke," alimwambia Mulama.

"Wapi?"

"Kwa hiyo robo."

Walipita Matayos, wakashuka kwenye ardhi tambarare ambako barabara hukimbia sambamba na tuta la kuzuia mto Nzoia. Walipofika mwisho wa njia, Akwii alishuka akasahau hata kukunja leso yake. Alitegemea kuona maji. Hakutegemea kwamba yangekosa mwisho.

"Uganda iko wapi?"

"Kule," Mulama alinyoosha mkono kwenye maji matupu.

"Na mpaka?"

"Uko hapo katikati."

Maisha yake yote mpaka ulikuwa lango, sare, na malori yanayopiga honi. "Sasa mtu akiwa ndani ya mtumbwi anajuaje amevuka?"

"Anajua akikamatwa," alisema Mulama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka kidogo.

Kwenye banda la kupimia samaki walikuwepo Vivian, afisa wa uvuvi, na Mathew, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi ya ufuo huo. Nyavu zilizokamatwa zilikuwa zimerundikwa pembeni, nyingi zikiwa za ule uzi mmoja mwembamba unaong'aa kama plastiki, ambao umepigwa marufuku kabisa. Wavu wa Mulama ulikuwa juu ya rundo. Wavuvi kama kumi walisogea kuona.

"Ndiye huyu fundi?" Mathew aliuliza. "Karibu mama. Umekuja kuaga nyavu?"

"Nimekuja kuona mnavyopima, boss."

Vivian hakuwa na maneno mengi. Aliushika wavu, akalivuta jicho moja, akaweka rula. Inchi nne na robo tatu. Akavuta lingine. Nne na robo tatu.

"Umechagua hapo kwa nini?" Akwii aliuliza.

"Kwa sababu rangi ya uzi ni tofauti. Mahali palipoguswa na mtu ndipo naanzia."

"Pima pale ambapo sikushona."

Vivian alisogeza rula, akapima. Inchi tano. Akahamia upande mwingine. Tano.

"Basi ni wewe, mama!" mvuvi mmoja akasema kwa nyuma, na wengine wakacheka.

Akwii alitoa kibao kwenye mfuko. "Pima na hiki." Vivian aliweka rula kwenye alama ya juu. Mbili na nusu, bila kupungua hata nywele. Vicheko vikakatika. Mathew alikuna kidevu. "Sasa hapo kuna uchawi," alisema. "Kibao ni kizima, wavu umepungua. Labda uzi umejikunja kwa maji."

Ulikuwa mlango wa kutokea, na Mathew alikuwa ameufungua kwa hiari yake. Uzi wa dukani, maji ya ziwa, nani angebisha? Lakini robo inchi bado ilikuwa imepotelea mahali fulani, na jambo hilo lilimwasha Akwii kuliko vicheko. Alikirudisha kibao mkononi na kukishika vile anavyokishika akishona. Kidole gumba kikaenda chenyewe mahali pake pa kila siku, katikati. Hapo kikateleza kwenye kibonde.

Akapitisha kidole ukingo wa pili. Kibonde kingine, laini kama mdomo wa kikombe. Miaka kumi na miwili uzi wa nailoni ulikuwa umepita pale pale, fundo baada ya fundo, ukiula mti. Yeye alikuwa akipima kichwa cha kibao, ilhali uzi haukuwahi kupita kichwani. Ulipita tumboni. Kila upande ulikuwa umeliwa kidogo tu, lakini jicho moja hubeba upana wa kibao mara mbili, kwenda na kurudi.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kukifunika kwa kiganja na kukirudisha mfukoni.

"Dada," alimwita Vivian, "pima hapa katikati."

Vivian akapima. Akapima tena. "Mbili na robo, na nusu ya robo."

"Ndiyo hiyo," alisema Akwii, na sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. "Imeliwa na uzi. Kosa ni langu, si la Mulama."

Kisha akaona nyuso za wale wanaume, na furaha ikaisha. Kila mmoja alikuwa akikumbuka wavu wake.

"Na yangu ulishona Machi," mmoja alisema taratibu.

"Mimi nina mbili!"

"Mama, umetuua ufuo mzima!"

Mathew aliinua mikono watulie. Vivian alikuwa ameshakunja rula. "Ijumaa saa nne nachoma kila kilicho chini ya inchi tano," alisema. "Kiraka kikikatwa kabla ya hapo, wavu uliobaki ni halali. Mimi napima ninachokiona."

Jumatano na Alhamisi Akwii alikaa kwenye ule ufuo na kisu. Nyavu kumi na moja zililetwa, na alivijua viraka vyake vyote, hata vile ambavyo wenyewe walivisahau. Alivikata kimoja kimoja, huku akisikiliza maneno. "Kata polepole mama, usije ukapunguza na mkono wako robo." Fundi wa sufuria wa sokoni alimkatia kibao cha bati nene la alumini, naye akakipima juu, katikati na chini kabla ya kuanza kuziba matundu upya bila malipo. Wenye haraka hawakumsubiri. Wawili walichukua nyavu zao zikiwa na matundu, wakasema watatafuta fundi mwingine.

Ijumaa moto uliwashwa. Zile nyavu za plastiki ziliyeyuka kwa moshi mweusi. Wa Mulama haukuwemo. Alikuwa ameondoka nao majini tangu alfajiri, bila kusema asante.

Akwii alikuwa akikunja mkeka ili atafute pikipiki ya kurudi Busia, pale Mulama alipokuja akiburuta wavu mwingine, mkuukuu, uliojaa majani ya ziwa. Aliutupa miguuni pake.

"Hii kiboko alipita nayo mwezi uliopita. Utashona ama nitafute mtu?"

"Tundu ni kubwa namna gani?"

"Si uingie uone!"

Wavuvi waliokuwa karibu walingoja. Akwii alivua viatu, akainua kamba ya maboya, akasimama ndani ya tundu na kunyoosha mikono pande zote mbili. Hakugusa ukingo popote.

"Siku tatu," alisema. "Na utaniletea uzi wa rangi hii hii ya wavu."