Karte ya rezo

Ndugu zangu, nichekeni tu. Juzi, pale sekretaria ya Kasongo ninapochapa barua za watu, kompyuta ilikataa intaneti. Nikampigia patro wetu, mwenye sekretaria, aliyekuwa safarini Kabambare.

"Zima mashini," akasema. "Toa karte ya rezo, usafishe meno yake ya shaba, urudishe."

Kwangu mimi, rezo, yaani mtandao, ni ya simu. Nikachomoa karte ya simu yangu, ile kadi ndogo ya laini, maongezi yakakatika palepale. Nikafurahi: kumbe ndiyo yenyewe! Meno sikuyaona, lakini niliisugua kwa madaha mbele ya wateja.

Mara Mama Zaina, muuza mikate wa mlangoni, akaingia na simu yake; patro, aliponikosa, alimpigia yeye. Sauti ya patro ikajaa chumba: "Mama, ile karte iko ndani ya mashini. Yeye iko na nini mukononi?"

"Karte ya simu, Papa. Anaipigisha mswaki."