Nilipasuliwa nyonga wakati wa Zaïre, na jembe la kwanza nikalipiga mwenyewe

Wakuu, jambo yenu. Na ninyi munaosomaga bila kusema kitu, jambo yenu vilevile.

Mimi si muntu wa kuandika. Shule niliachia mwaka wa tatu wa primaire. Lakini juzi nimeona humu muntu anauliza: mama yake amepasuliwa nyonga, analia akiinuliwa, amuache alale ao amusimamishe?

Mulimujibu kwa pole nyingi. Pole haitembezi muntu.

Basi nitasema yaliyonipata mimi. Siongezi chumvi. Kovu ninalo mupaka leo, kutoka kiunoni kushuka kwenye paja, na anayebisha aje Kalemie nimuonyeshe, kama ni mwanamuke.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tunaitana citoyen na citoyenne. Nilikuwa na watoto wanne na nguvu za punda.

Mwanzo wa kiangazi nilienda kutoa mihogo yangu kwenye maji, kule kijitoni tunakoilowanisha. Nikaweka beseni kichwani, nikakanyaga jiwe lenye utelezi. Beseni upande huu, mimi upande ule.

Nilisikia sauti ndani ya mwili, kama kuni kavu inavunjwa kwa goti. Nikajaribu kusimama. Muguu ulikuwa umegeukia inje kama si wangu.

Hospitali dokta akapiga radio, ile picha ya mifupa, akasema mufupa wa nyonga umekatika kwenye shingo yake. Akanipasua, akatia chuma na vis za kukikaza. Kazi yake aliifanya vizuri, sina neno naye. Akaniambia: mimi nimeunga, kutembea utajifunza kwa kine. Kine njo yule muntu wa hospitali anayefundisha wagonjwa mazoezi.

Maneno yake nikayaacha palepale kitandani.

Sasa shikeni jambo moja, maana bila hilo hamutaelewa kitu.

Nilikuwa na shamba la mihogo juu ya mulima, nyuma ya mutaa wetu. Njo lilikuwa linalisha nyumba. Mume wangu alikuwa anatumika kazi kwenye treni, wiki mbili yuko Kabalo, siku mbili nyumbani.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Mvua ya kwanza ikinyesha, notable, muzee anayeangalia udongo, anapanda mulima. Mwenye shamba anapiga jembe la kwanza mbele yake, kwa mukono wake. Hutumi muntu. Akipiga mwingine, tangu siku ile shamba ni la yule mwingine.

Mumeelewa? Tuendelee.

Nilipotoka hospitali, mama mukwe wangu akanipokea kama mama muzazi. Kwetu mwanamuke akizaa analazwa ndani, anakandwa na maji ya moto, anapewa uji, hagusi kitu. Yeye aliona kuzaa na kupasuliwa ni jambo moja: damu imetoka, muntu alazwe.

Akanilaza. Wiki tano! Uji asubuhi, samaki muchana, wanawake wa mutaa wanapokezana kunikanda.

Na mimi nilifurahi, nisidanganye. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kunipikia.

Lakini muguu ulikuwa unakauka. Paja langu lilibaki kama mukono wa mutoto.

Wifi yangu, dada ya mume, alikuwa anakuja kila Jumapili. Mutamu wa mudomo. "Wifi, wewe lala tu. Mvua ikifika nitakupigia lile jembe, usihangaike."

Nitakupigia! Munasikia?

Siku moja Papa Kine akafika na baiskeli yake. Muntu murefu wa Kongolo, sauti ya mwalimu wa shule ya misheni. Siku zangu zote za mazoezi sikuonekana, njo akanifuata. Akafunua shuka kwenye muguu, akauliza:

"Nani alimufunga huyu?"

Mama mukwe akajibu: "Hajafungwa, Papa. Anapumuzishwa."

"Mama, radio ya mwisho inaonyesha mufupa umeanza kushika. Sasa nyama njo munaiua. Mukiendelea hivi, mutamubeba chooni mupaka mumuzike."

Mama mukwe akauliza neno moja tu. "Na jembe?"

"Jembe gani, Mama? Huyu hata ugali atakula kitandani."

Nililia siku ile. Siku ya kuvunjika sikulia.

Kumbe shida haikuisha. Zoezi lenyewe lilikuwa nilale ubavu, niinue muguu juu. Mbele ya mwanaume! Na mama mukwe amekaa pale! Mimi nikasema afadhali nibaki kilema. Mama mukwe akasema afadhali nife.

Papa Kine akacheka, akaomba kitenge na kamba. Tukakitundika mulangoni. Yeye inje anahesabu, mimi peke yangu ndani ninainua.

Wakuu, niliiba kwenye zoezi. Nilikuwa nimelala tu, ninaguna: "Mmh! Mmh!" Siku tatu nzima.

Siku ya nne akaita kutoka inje: "Citoyenne, mukeka wa matete unaliaga muntu akitikisika. Huu wako uko kimya, unasali?"

Nilitamani udongo unimeze.

Njo akamupa mama mukwe kazi ya kuhesabu. Akamuambia: "Mama, ulimulaza wewe, umuamushe wewe."

Yule mama, huruma yake ikaisha siku ileile. Alikuwa anakaa mbele yangu na mwiko, anapima. "Hujafika kwenye mwiko. Hiyo sihesabu." Ninamuambia inauma. "Hata mume wako alipozaliwa niliumia, na bado nikamutoa. Inua."

Kidonda kilipofunga vizuri, Papa Kine akasema niende ziwani kila asubuhi, pale wanawake wanapooga, nitembee ndani ya maji yanayofika kifuani. Maji yananibeba nusu, mimi ninajibeba nusu. Kidogo kidogo nisogee pale yanapopunguka.

Wanawake walinicheka! "Muangalie bata wa mama mukwe!" Maana nilikuwa ninayumba huku na huku. Nikawajibu: "Bata anafikaga." Nikaendelea.

Kutoka maji nikaja kwenye muchanga, na bekiyi mbili, zile fimbo za kuegemea, chini ya makwapa. Kisha bekiyi moja. Papa Kine alikuwa anatupa ndakala kavu, wale samaki wadogo, kwenye muchanga, moja moja, ninaziokota. Alinionyesha namna: shika bekiyi, kunja goti la muguu muzima, ule mubovu uuache uende nyuma umenyooka kama mukia. Usiukunje. Siku za kwanza nilianguka na ndakala mudomoni.

Kulima kwa kuinama alinikataza, nyonga ilikuwa haijakubali bado. Njo mume wangu akaniletea mupini murefu kutoka Kabalo, nilime nimesimama. Jembe la wanawake kwetu lina mupini mufupi, kwa hiyo mutaa muzima ukacheka tena. Nilikuwa nimezoea.

Mvua ikanyesha.

Asubuhi nikapanda mulima. Mama mukwe nyuma yangu amebeba jembe. Nilipumuzika mara nne. Tope lilikuwa linavuta bekiyi kama muntu anayedai. Mama mukwe hakunishika hata mara moja, na mimi sikumuomba.

Tukafika. Notable amesimama. Na wifi yangu amesimama, kitenge amekaza kiunoni, jembe lake fupi begani.

"Ah, wifi! Umekuja kuangalia?"

Nikamuambia: "Nimekuja kulima."

Nikachukua lile jembe refu, nikapiga. Udongo ukafunguka. Nikaona mambo yameisha.

Wifi akageuka kwa notable. "Papa, huyu hakuinama. Udongo unasalimiwaga na muntu amesimama wima kama askari?"

Muzee akajikuna kidevu. Akasema, pole pole: "Ni kweli. Jembe la kwanza ni la kuinama."

Miaka kumi nilikuwa nimelima pale.

Mama mukwe akaenda mbele ya binti yake wa kuzaa, akamutoa lile jembe fupi begani, akalilaza chini mbele ya miguu yangu.

"Okota," akasema.

Nikakaza bekiyi kwenye tope. Goti la muguu muzima likakunjika. Muguu mubovu ukaenda nyuma, umenyooka, unatetemeka kwa wote kuuona. Nikashika mupini. Palepale chini nikapiga mara moja. Nikapiga ya pili. Ya tatu nikapiga kwa hasira, tope likaruka mupaka kwenye kitenge cha wifi.

Kisha nikasimama. Hakuna aliyeniinua. Nilijiinua.

Wanawake wa mashamba ya jirani wakapiga vigelegele, walewale wa bata. Notable akafuta ndevu zake, akasema: "Shamba lina mwenyewe. Twende kwa mwingine."

Wifi alikuja kesho yake kunisaidia kupanda. Nikamukubali, ni wifi yangu. Lakini nilimupa mustari wa mwisho, kwenye mawe.

Sasa somo, na mulishike. Muntu anaweza kukupenda mupaka akufanye kilema. Mama mukwe wangu hakuwa mubaya. Alinilaza kwa mapendo, na siku alipoelewa, akanisimamisha kwa mapendo yaleyale, yenye mwiko.

Wewe uliyeuliza: nenda kwanza kwa dokta na kwa kine, wakuambie mufupa umeshika kiasi gani na mama akanyage kwa uzito gani. Usikisie, na kidonda usikikande. Wakisha kukuambia, umuinue. Akilia, alie amesimama. Na wewe usikae nyuma yake kumushika mabega, kaa mbele yake hatua tatu, akufuate.

Wenye mulipita njia hii, andikeni hapa chini: mulianza kukanyaga wiki ya ngapi, na nani aliwahesabia? Na wenye kubisha, bisheni, siogopi.

Nitawajibu jioni. Saa hizi ninapanda kule juu, mihogo imeota majani na mbuzi za watu hazina adabu.