Breki Zilizoitwa Kiwandani

Nacheka peke yangu, maana hapa Ngara sina wa kucheka naye. Mimi ni dereva wa mradi, mtu wa Tanga. Mke wangu yuko Dar, na likizo naisikia kwa wenzangu.

Juzi skrini ya gari iliandika kwamba kiwanda kinaita magari ya aina hii yarekebishwe breki kwa usalama. Nikafurahi kama mtoto! Mara ya mwisho kiwanda kilipoita, nilipeleka gari Dar, nikalala kwangu wiki nzima. Kwamba nitateremka milima na breki zenye kasoro, hilo sikuliwaza. Nikampigia mke wangu, nikanyoa ndevu, nikaaga mtaa mzima.

Kuaga huku ni kujitakia mizigo. Asubuhi ya safari mwenye nyumba wangu, Mama Restituta, alinifuata ofisini na kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpe mwanangu wa Dar. Mwambie ametoka kwetu Ntobeye, asimuuze."

Nikiwa nafunga mizigo ya majirani waliokuja nyuma yake, bosi alitoka, akaketi kwenye usukani, akabonyeza skrini. Tukasubiri kidogo.

"Tayari," akasema. "Breki zimepata programu mpya kwa mtandao. Siku hizi gari linaitwa na halitoki hapa lilipo. Kwani wewe unasafiri?"

Majirani wakanitazama. Mama Restituta akanyoosha mkono taratibu, akamchukua kuku wake.

Ndipo simu ikaita. Mke wangu.

"Baba Zuhura, umeshapita Biharamulo? Nimetandika shuka jipya."