Uzi wa Kutoka Dar Hadi Maskati

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata popote, hata sokoni, nasimama kwanza. Narudi Chang'ombe ya Dodoma, barazani kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyeshona mashati ya shule miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje. Sijui kama nitaieleza vizuri habari hii. Shule yangu iliishia darasa la saba.

Mama, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa Maskati, akifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa huko. Mimi nilibaki Dodoma kwa mama mkubwa, nikiwa na miaka kumi, nalala kitanda kimoja na binamu yangu Zuhura na bado najiona niko peke yangu. Idi ilipokaribia ikaja barua: “Sitaweza kuja, mwanangu. Ni mbali mno.”

Nikataka kujua huko mbali ni mbali kiasi gani. Nilichukua uzi wa mama mkubwa, nikaulaza juu ya ramani ya shuleni kutoka Dar hadi Maskati, kisha nikaupeleka kwenye kile kipimo kilichochorwa pembeni. Karibu kilomita elfu nne. Mwalimu alituambia ndege hukata kama mia nane kwa saa. Nikagawanya, nikarudia. Masaa matano!

Basi la Dar lilitoka stendi alfajiri likafika jioni, watu wamevimba miguu. Kumbe mama alikuwa karibu kuliko Dar.

“Kama ni masaa matano,” Zuhura akanicheka, “si angekuja kula mchana akarudi? Hakutaki huyo.”

Sikumpiga. Nimtendee haki: alisema tu nilichokwisha kukiwaza mwenyewe.

Wiki ile mama alipiga simu duka la jirani, kama barua ilivyoahidi. Mama mkubwa alinipa mkonga, akaninong'oneza, “Haya, mwamkie mama yako.” Sikutoa shikamoo. Nilisema, “Ni masaa matano tu, mama. Nimepima. Unanidanganya.”

Simu ikavuma tu. Nilidhani imekatika.

“Umepima mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Hesabu umepata, mwanangu,” akasema, na hapo ikakatika kweli.

Mama mkubwa hakunigombeza. Alinishika mkono tukarudi nyumbani, na siku ile hakushona tena.

Mama alirudi baada ya miaka miwili. Nilishakuwa mtu mzima aliponieleza, tukichambua mchele, kwamba pasipoti yake ilifungiwa kabatini na funguo anazo yule bibi, mpaka mkataba uishe. Hakumlaumu. Alisema bibi alimlisha vizuri, ila naye aliogopa kuachwa peke yake. Mimi nitamlaumuje nisiyemjua?

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, nadhani. Nilipima kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege. Kutoka jikoni kwa yule bibi, alikosimama mama akinisikiliza kwenye simu, hadi huo uwanja, sikupima.