Siku Nilipomficha Papa

Polisi wa mtaa angekuja Jumatano asubuhi, na mimi tangu Jumatatu sikukaa chini. Nilisugua, nilifagia, nilipiga deki mpaka ngazi za jirani. Anayeishi Brussels anaijua ziara hii: ukihama nyumba, komini inakuandika, halafu hiyo manispaa inamtuma polisi aje aone kwa macho yake kwamba kweli unalala pale. Anaangalia, anaandika, anaondoka. Mimi mwenyewe nimepitia mara nne bila hata kuzima redio. Lakini safari hii aliyehama alikuwa Papa, baba yangu.

Papa ana miaka sabini na minane. Aliishi Liège na kaka yangu mpaka kaka alipoenda zake Kanada, nikamchukua mimi, hapa Forest mjini Brussels, kwenye nyumba yangu ya chini inayotazama barabara. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Bila anwani haiongezwi, na bila kadi, yule daktari wake wa moyo kule Woluwe... sikutaka hata kumaliza wazo lenyewe. Polisi akiandika kwamba haishi hapa, tumekwisha.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mimi mwenye akili zangu timamu, ninayetunza wazee wa watu kwa mshahara. Godoro la Papa, ambalo hutandikwa sebuleni, nililishusha kwenye stoo chini ya jengo. Nikashusha na sufuria ya bukari, ule ugali wetu wa Lubumbashi, na mwiko wake, na mkeka, na mfuko wa samaki wakavu, na ndala, na blanketi lake lenye picha ya simba. Nilifungua madirisha yote harufu itoke, na baridi ile! Mezani nikaweka kitambaa cheupe, maua, na uma zinazong'aa. Papa nikamvisha suti na tai, nikamkalisha kwenye kiti.

"Maman," akasema, maana baba wa kwetu wengi huwaita binti zao hivyo, "tunangojea mufalme?"

"Papa, kaa tu vizuri."

"Bon. Nimekaa."

Kengele ikalia. Polisi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwenye masharubu na adabu zake, akajipangusa viatu mara mbili kabla ya kuingia. Akatazama chumba cha kulala: kitanda kimoja, changu. Akatazama bafu: mswaki mmoja. Eh! Hata mswaki wa Papa nilikuwa nimeuficha, kwa sababu kikombe chake cha plastiki kimechakaa na nilikionea aibu.

"Bwana huyu analala wapi?" akauliza.

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

Tukatazama wote wawili. Palikuwa na meza, maua na uma.

"Madame," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "ninachokiona mimi ni mgeni aliyekuja kunywa kahawa." Akafungua kalamu yake.

Nilianza kueleza, Kifaransa changu kikapotea chote, nikabaki napeperusha mikono. Na hapo ndipo Papa alipoanza kucheka. Si kutabasamu, kucheka! Alicheka mpaka akalegeza tai.

"Umefanya sawasawa na baba yangu," akaniambia. "Sawasawa kabisa!" Kisha akahamia Kifaransa, ili polisi naye asikie, na akasimulia jambo ambalo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuwahi kulisikia.

Babu yangu alikuwa karani wa migodi Lubumbashi, enzi za Wabelgiji ikiitwa Elisabethville. Mweusi aliyesoma aliweza kuomba kadi ya kuthibitisha kwamba amestaarabika. Lakini kwanza wakaguzi walikuja nyumbani kwake, wakafungua makabati, wakahesabu uma, wakakagua mashuka, wakachungulia mpaka choo. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba babu, kabla hawajafika, alimficha mama yake mzazi. Hakujua Kifaransa yule mama, na alikula kwa mkono akiwa ameketi chini. Basi akapelekwa jikoni kwa jirani, yeye na mkeka wake na sufuria yake.

Kadi ikatoka. Babu hakumrudisha. Alisema wakaguzi wanaweza kuja tena. Miezi ikapita, na Papa, mwenye miaka minane, akawa anamsalimia bibi yake kupitia uzio.

"Siku moja," Papa akasema, "baba akavaa suti, akaweka kadi mfukoni, akanishika mkono, tukaenda kununua nyama."

Weusi walihudumiwa kupitia dirisha la pembeni. Babu akapita mlangoni. Mwenye bucha akaitazama kadi mbele na nyuma, akamrudishia, akamwonyesha dirisha. Kadi ni ya serikali, akasema, bucha ni yangu. Babu akasimama pale, wateja wakimtazama, mtoto wake akimtazama. Kisha akatoka, hakwenda dirishani, na hakununua nyama.

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, na suti yake ileile, akapiga magoti mbele ya mama yake. Mama akamwangalia sana. Akasema: "Mutoto yangu, ruhusa ya kukuzaa niliomba kwa nani?"

Jamani! Nilisahau polisi, nikasahau kadi, nikavuta kiti. "Halafu?" nikauliza kama mtoto. "Halafu, Papa?"

Halafu babu akabeba mkeka kichwani, mbele ya mtaa wote, akautandika barazani kwake, mlango wazi, akala bukari kwa mkono pamoja na mama yake. Waliopita walisimama. Karani mwenzake akavua viatu akaketi, siku ya pili wakawa watano, mwishoni mkeka haukutosha. Waliokuwa wakiulizana mwaka uliopita namna ya kupata kadi, sasa walikuwa wakiulizana wale wanaogawa kadi wataondoka lini. Neno dipanda, uhuru wetu ule, Papa alilisikia mara ya kwanza pale chini, mdomo wake umejaa bukari.

"Vitabu vinasema ilianza na hotuba," Papa akasema. "Kwetu ilianza na aibu ya baba yangu."

Polisi alikuwa bado ameshika kalamu. Hakusema neno juu ya Wabelgiji wala juu ya Kongo. Alikohoa kidogo, akaniuliza: "Madame, hilo godoro liko wapi?"

Weee! Nilishuka zile ngazi kama msichana wa miaka kumi na minane. Nilipandisha mkeka na blanketi la simba, nikapandisha sufuria na ukoko wake, samaki na harufu yao yote, mswaki, kikombe kilichochakaa. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Godoro lilikwama kwenye kona, polisi akavua kofia, akashika upande wa pili, tukalivuta pamoja. Papa alisimama juu akituelekeza kushoto, kulia, kama msimamizi wa bandari. Lilipotua sebuleni, polisi akaandika mstari mmoja, akanionyesha kabla sijauliza: anaishi hapa. Akapeana mkono na Papa, akaenda zake.

Nilifunga mlango, nikamgeukia Papa. Nilikuwa nimemfanyia yeye kile ambacho alikuwa amekiona kupitia uzio akiwa na miaka minane, na alikuwa amekubali kuvaa tai na kunyamaza ili mimi nisiaibike.

"Papa, unisamehe."

Alivua koti, akavua tai, akaisukuma meza na maua yake mpaka ukutani. Akanyoosha kidole kwenye dirisha letu kubwa, lile ambalo kila anayeelekea tramu anachungulia ndani.

"Tandika mkeka pale," akasema. "Pazia uache wazi."

Nikatandika.