Tulivyolitembeza Gari la Baba

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kambini Nakivale, mtu akisema amekwenda Mbarara kwa gari mlijua alikaa kitini. Kwetu haikuwa hivyo. Sisi tulikwenda kwa gari na kufika na malengelenge miguuni. Naona mmeanza kucheka, na chekeni tu, kwa sababu huko mbele hakuna kicheko.

Kabla vita havijatufukuza Kivu ya Kusini, Kongo, baba alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja kule Uvira. Miaka yote aliyolima maharagwe kambini, mikono yake iliendelea kuutamani usukani. Ndipo akasikia kuna mjane wa Nyamitanga, pale Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, anauza gari la marehemu mumewe. Refu, jeusi, viti vya ngozi, vioo vya kushuka kwa kubonyeza. Lilikuwa gari la wakubwa, limechoka lakini lina heshima zake. Siku alipolileta, akina mama wa kijiji chetu walipiga vigelegele, na mama yangu akajifunika uso kwa kitenge, sijui kwa aibu au kwa furaha.

Gari lile halikubeba gunia wala kuku. "Gari ya wakubwa haibebake mihogo," baba alisema, na neno lake lilikuwa sheria. Mlangoni pake paliwekwa beseni la maji; huingii bila kunawa miguu. Siku za kazi tuliruhusiwa kukaa ndani injini ikiwa imezimwa, tukinusa ile ngozi iliyochanganyika na marashi ya watu tusiowajua, tukicheza safari ya kurudi Uvira. Mdogo wangu alikuwa polisi wa barabarani, mimi nilikuwa mke wa mkurugenzi. Kisha tunaitwa kula bugali na sombe ya majani ya mihogo, tunashuka tukiwa wakimbizi kama tulivyopanda.

Shida ya gari lile ilikuwa tumbo. Lilikuwa limekaa chini mno, na barabara yetu mpaka uikute lami ilikuwa mawe na makorongo matupu. Kila penye pabaya baba alisimama na kuamuru, "Bote mushuke!" Tukishuka, gari linainuka kidogo, naye analipitisha peke yake polepole huku sisi tukifuata nyuma na nguo zetu za kanisani, vumbi likitupaka poda. Mimi, binti mkubwa, nilitangulia mbele kuondoa mawe. Wenye boda boda walitutania: "Mzee, hiyo gari inabeba wewe ama wewe nabeba yeye?" Watoto wa leo ukiwaambia washuke watembee hatua kumi, wanauliza wamekosa nini. Sisi tulishuka mara nane, mara tisa, tukiimba.

Kisha Koko akaugua. Koko alikuwa mama yake baba, na mimi nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Asubuhi moja pumzi ilimbana, na muuguzi wa zahanati akasema apelekwe Mbarara bila kuchelewa. Jirani yetu Mnyankole, mwenye pikipiki, alikuwa amekwisha kuiwasha. "Mzee, wacha mimi napeleka haraka haraka. Hii njia iko mbaya."

Baba akakataa. "Mama yangu hapande pikipiki sawa mufuko ya maharagi. Ataenda mu gari. Njo maana niliinunua."

Tukaondoka. Kila penye pabaya mama na mimi tulishuka, lakini Koko hakuweza. Alibaki amejilaza kiti cha nyuma, na gari halikuinuka kama lilivyozoea. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya lami niliona jiwe lenye ncha, limejizika katikati ya njia. Nililisukuma kwa mguu, likagoma. Nilipaswa kupiga magoti nilichimbue kwa mikono, kama nilivyofanya kwa mengine mengi. Lakini nilimsikia Koko akikohoa ndani ya gari, nikataka kurudi nimshike mkono. Baba akatoa kichwa dirishani. "Umeondoa mabwe yote?"

"Yote, papa."

Ule mlio ninausikia mpaka leo. Oili ya injini ilimwagika yote, nyeusi, na gari likazima. Tulikaa juani tukingoja, baba akikimbia mbele na kurudi, mama akimpepea Koko kwa kitenge. Boda boda ya kwanza ilipopita, jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Mwishowe Koko akaenda kwa pikipiki, amefungwa kwenye mgongo wa mama kama mtoto. Hospitali walisema angefika asubuhi wangejaribu. Alifariki jioni ile.

Baba aliliuza gari vipande vipande, na hakushika tena usukani wa gari lolote. Tangu hapo hakuna mgeni aliyekaa kwetu bila kusikia neno moja: "Kiburi yangu njo iliua mama." Alilisema msibani, alilisema hata siku ya harusi yangu. Mimi nilikuwa na maneno machache ya kumpunguzia mzigo ule, na kila mara yalifika mdomoni nikayameza. Mwaka jana tulimzika Nakivale, akiamini kosa lilikuwa lake peke yake.

Siku hizi barabara ile imesawazishwa. Wanangu wanasinzia mpaka Mbarara, muziki masikioni, wakilalamika kwamba wamebanana. Wakikosa hawachapwi; shule inawaambia wakae kimya wafikirie walichofanya, nao wanacheka. Enzi zetu ulikosa, ukakiri, ukachapwa, ukalia, na jioni ukaitwa kula na wenzako, yakawa yamekwisha. Ningekiri siku ile, baba angenichapa vibaya sana. Sasa ninakaa kimya na kufikiria nilichofanya, na wa kunichapa hayupo.