Mlinzi wa Usalama Aliyesimama Mtumbwini

Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1974, alfajiri, watu tisa walipanda mtumbwi wa Mfaume kule Mtoni, Temeke, ili wavuke mkono wa bahari na kwenda kulima shamba la ushirika lililokuwa ng'ambo. Kati yao, waliojua kuogelea walikuwa wawili: Mfaume mwenyewe, mzaliwa wa pwani hiyo, na Hamisa, mkaanga samaki. Usalama wa wote, hata hivyo, ulikabidhiwa Ndugu Albano, ambaye hakuwa amewahi kuingia katika maji yanayozidi ya karai.

Albano alizaliwa Newala, katika nchi ya juu, ambako maji hufuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, wala hapana mtu mwenye wazimu wa kuyapanda. Alikata mkonge Lindi, kisha akaja Dar es Salaam mwaka wa pili baada ya Uhuru, akawa mchonga vinyago vya mpingo. Alikuwa mtu wa kanuni. Filimbi ya kupandisha bendera ilipolia katika ofisi ya tawi la chama, wengine walisimama pale walipokutwa. Albano alitoka kitandani ili apate kusimama. Siku moja alisimama na kikombe cha uji wa moto mkononi mpaka ikalia filimbi ya pili, ile ya kuruhusu watu waendelee. Kovu lililobaki kidoleni aliwaonyesha wageni kama nishani.

Kwa hiyo, tawi lilipotakiwa kupeleka mtu katika semina ya usalama wa vyombo vya majini, halikusumbuka kutafuta mvuvi. Wavuvi walikuwa kazini. Albano alikwenda, akasikiliza bila kusinzia, akarudi na cheo cha Mlinzi wa Usalama Majini pamoja na kanuni tatu: abiria waketi sakafuni mwa mtumbwi, asisimame mtu kwa sababu yoyote ile, na mtumbwi ukipinduka, ushikwe, usiachwe. Zilikuwa kanuni njema. Hakuna aliyezipinga.

Aliyebaki kushawishiwa ni mkewe, Rosalia. Yeye alikuwa akienda shambani kwa miguu, akizunguka kupitia Mbagala. Aliogopa maji, na hakuona haya kulisema. Jambo hilo lilimchoma Albano, kwa maana mlinzi ambaye mkewe hapandi mtumbwi hana tofauti na mwuza maandazi ambaye watoto wake hula ya jirani.

"Mama Eufrazia, mie nitakuwa nawe humo humo," alimbembeleza. "Mengine yote yasahau. Nitazame mimi tu. Nikikaa, kaa. Nikishika, shika."

"Na ukiingiwa na wazimu?"

"Mimi nimekwenda semina."

"Haya. Basi roho yangu nakukabidhi wewe, si Mfaume. Ukiichezea, mie sipandi tena, na wewe hupandi."

Safari ilianza vizuri. Albano aliketi mbele, uso ukiwaelekea abiria, akawakagua mmoja mmoja.

"Hamisa, miguu ndani."

"Miguu yangu iko ndani tangu wewe hujafika mjini, Bwana Mlinzi."

Watu walicheka. Rosalia hakucheka, alikuwa anamtazama mumewe, kama alivyoagizwa.

Walipofika katikati, mahali ambapo upondo wa Mfaume haukugusa tena tope, filimbi ililia kule walikotoka. Bendera ilikuwa inapanda.

Hapo zilikutana kanuni mbili, na semina haikuwa imesema ipi humpisha mwenzake. Albano hakufikiri kwa muda mrefu. Alisimama wima, mikono mapajani.

"Kaa chini, Ndugu Albano," Mfaume alisema kwa upole. "Bendera haikuoni."

"Mimi naiona."

Rosalia naye akasimama.

Mtumbwi, ambao haukuwa umehudhuria semina yoyote, ulipinduka.

Watu saba waliukamata mara moja, kwa mujibu wa kanuni ya tatu. Albano naye aliukamata, lakini kwa mkono mmoja. Wa pili ulibaki umenyooka ubavuni, ndani ya maji, kwa kuwa filimbi ya pili ilikuwa haijalia. Mbele yake Rosalia alizama, akaibuka, akazama tena, na kila alipoibuka macho yake yalimtafuta yeye.

"Mshike mkeo, baradhuli wee," Hamisa alisema.

Mkono ule ukalegea, ukanyooshwa, ukachelewa. Hamisa alikwisha kuuacha mtumbwi, akamfikia Rosalia, akamkamata kwa kanga aliyojifunga, akamvuta.

"Shika hapa, shoga. Usimtazame mtu. Shika mti."

Filimbi ya pili ikalia.

Jumatano tawi lilikutana. Ilikuwa vigumu kumlaumu aliyeiheshimu bendera, na vigumu vilevile kuwalaumu walioheshimu usalama. Kikao kiliwapongeza wote, kikamwongezea Albano muda wa ulinzi, kisha kikaukaripia mtumbwi kwa wembamba wake. Albano alizipeleka habari hizo nyumbani kwa furaha, akamkuta Rosalia anakunja kanga.

"Nilikwambia nini?" Rosalia aliuliza.

"Ulisema hutapanda tena."

"Nilisema na wewe."

 

Waliopanda tarehe 7: tisa. Waliotoka majini wakiwa hai: tisa. Vilivyozama: majembe. Waliopanda Jumamosi iliyofuata: saba, wote wameketi sakafuni. Waliopitia Mbagala kwa miguu: wawili, Rosalia mbele, Mlinzi wa Usalama Majini nyuma.